Kulea mabinti wenye seli mundu kwenye baridi ya Mbeya: mwongozo wa nyumbani

Kila nikiwapeleka wanangu kliniki, kabla foleni haijasogea viti vitatu, kuna mzazi mpya ataniuliza: "Baba, hawa unawaogeshaje na baridi hii?" Mwingine anataka kujua kama shuleni niliwaambia, na wa tatu ameshikilia karatasi ya majibu hajui hata aanze kuuliza nini. Maswali haya nimeyajibu kwenye benchi, kwenye daladala, na mara moja msibani. Nimeona bora niyaandike.

Mimi ni baba wa mabinti wawili wenye seli mundu, mmoja ana miaka 14 na mwingine 4. Katikati yao yupo kijana asiye nayo. Tunaishi Uyole. Sikusomea udaktari, kwa hiyo dozi na kubadilisha dawa ni kazi ya kliniki. Ninachoeleza hapa ni zile saa ambazo daktari hayupo, nazo ndizo nyingi.

Nadharia ni hii tu. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto anapolia mifupa. Halafu zinakufa mapema, siku 10 hadi 20 badala ya 120, ndiyo maana damu iko chini na macho yana unjano. Zinapinda zaidi mwili ukipigwa na baridi, ukikosa maji, ukipata homa au ukichoka kupita kiasi. Mtoto ameirithi kwa baba na mama, wote wawili. Ukisikia dada yako anamnyooshea kidole mkeo, mwambie nusu ni yako.

Andaa hivi kwanza

- Daftari gumu moja kwa kila mtoto. Usichanganye wawili kwenye daftari moja, utajuta saa nane usiku.
- Kipimajoto cha kidijitali. Mkono kwenye paji la uso haupimi homa, hasa mkono wenyewe ukiwa wa baridi.
- Chupa ya chai kubwa ya kuwekea maji ya moto, na chupa ya maji ya lita moja ya kwenda nayo shuleni.
- Nguo za ndani za mikono mirefu, tait, soksi za kutosha, mzula, glavu, sweta mbili. Mitumba ya Mwanjelwa inatosha kabisa. Nenda Machi au Aprili, kabla wote hatujakumbuka kwamba Juni inakuja.
- Mpira wa maji moto. Kama huna, chupa ngumu ya plastiki yenye maji ya moto ya wastani, yasiyochemka, iliyozungushiwa kanga.
- Kopo lenye mfuniko la dawa, likae juu asikofika mdogo.
- Begi la dharura: kadi za kliniki, kadi ya bima, kanga mbili, chaja ya simu, na nauli ya usiku isiyoguswa. Nauli hiyo mimi niliwahi kuinunulia mkaa. Mara moja tu, sikurudia.
- Namba ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku. Mjaribu siku moja ukiwa huna shida.

Hatua ya 1: Jua namba za mtoto wako akiwa mzima

Watu wengi wanairuka hatua hii, nami naiona kubwa kuliko zote. Siku mtoto anapojisikia vizuri, mwombe mhudumu wa kliniki akuandikie: damu yake ya kawaida ni ngapi (himoglobini, kwa gramu kwa desilita), kundi la damu, uzito, bandama inafika wapi, dawa gani anatumia, aliongezewa damu lini. Ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa.

Sababu ni hii. Watoto wengi wenye seli mundu wanaishi na damu ya 6 hadi 9, na wanaruka kamba nayo. Usiku mmoja tulifika hospitali fulani, mkubwa ana maumivu ya miguu, kipimo kikaonyesha 7. Kijana wa zamu akaanza kuandika damu ya kuongezwa. Nikafungua daftari: ya kawaida yake ni 7.2. Akaita daktari, wakamtibu maumivu na kumwongezea maji ya mishipa, asubuhi tukarudi nyumbani. Daftari hilohilo lingesema kawaida yake ni 9, ile 7 ingekuwa habari nyingine. Namba peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na ya jana.

Hatua ya 2: Asubuhi ianze jana jioni

Asubuhi ya Julai huku kwetu haina huruma na mtu anayetafuta soksi. Saa moja jioni weka pamoja nguo za kesho, chupa ya maji, dawa za asubuhi kwenye kisahani, na ujaze chupa ya chai. Nguo za ndani zilale ndani ya blanketi la mtoto, miguuni. Akiamka anavaa kitu chenye joto la mwili wake.

Nguo isiyokauka vizuri ni nguo mbichi. Wakati wa mvua, shati la shule lenye ubichi kwenye kola limewahi kutugharimu siku tatu za kulazwa. Lipige pasi mpaka likauke, au avae la jana.

Hatua ya 3: Mogeshe bila kumpiga baridi

Maji ya moto tayari, taulo tayari, nguo tayari, mlango umefungwa, ndipo mtoto avuliwe. Usimvue halafu uende kuchanganya maji. Muda mzuri ni saa nane au tisa mchana jua likiwepo. Siku ya shule tunanawa uso, mikono na miguu asubuhi, kuoga ni jioni mapema. Bibi yao aliona uchafu, sasa amezoea.

Mvalishe nguo kadhaa nyepesi badala ya koti moja zito, ili jua likitoka apunguze. Kichwa, mikono na miguu visisahaulike.

Onyo kuhusu jiko la mkaa. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnakolala, hata kama limeshika vizuri na halitoi moshi. Hewa ya sumu yake haina harufu wala rangi, na inaua familia nzima usingizini. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Pasha maji jikoni, weka mpira wa maji moto kitandani, walale wawili wawili, ongeza blanketi.

Hatua ya 4: Maji, hata asipoona kiu

Kwenye baridi hakuna mtoto anayeomba maji. Hapo ndipo tunapokosea: tunamvalisha masweta matatu na kumwacha mkavu ndani. Mtoto wa kilo 20 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, vinywaji vyote kwa pamoja, na zaidi akiwa na homa au akiharisha. Kipimo cha mwanao kiulize kliniki.

Mpe ya uvuguvugu. Uji mwepesi, maziwa, supu, chai isiyokolea, vyote vinahesabika. Sisi tunafuata ratiba ya matukio: kikombe akiamka, kikombe kabla ya kutoka, chupa nusu kabla ya mapumziko ya shule, inayobaki kabla ya kurudi, vikombe viwili jioni.

Halafu kubali matokeo yake. Figo za watoto hawa hazibani maji vizuri, hivyo watakojoa sana, na wengine watakojoa kitandani hata wakubwa. Usimnyime maji jioni kwa ajili ya godoro. Nunua nailoni ya kutandika, mwamshe mara moja usiku, na ukimsikia mtu anamtania, malizana na huyo mtu.

Hatua ya 5: Dawa za kila siku ziwe kama kupiga mswaki

Foliki asidi kila siku. Penisilini mara mbili kwa siku kwa wadogo, angalau mpaka miaka 5. Haidroksiyurea (dawa inayopunguza kupinda kwa chembe) kwa aliyeandikiwa, nayo inadai kupima damu kwa tarehe ulizopewa. Chanjo zote, na uulize hasa ya nimonia.

Makosa ninayoyaona:

- *Kuacha haidroksiyurea kwa sababu mtoto amepona.* Hajapona, dawa inafanya kazi.
- *Kununua vidonge vyekundu vya kuongeza damu.* Vile wanavyopewa wajawazito vina madini ya chuma pamoja na foliki. Mwanao anahitaji foliki peke yake. Upungufu wake wa damu kwa kawaida hautokani na kukosa chuma, na aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kimezidi. Soma karatasi ya dawa, au omba dukani wakusomee.
- *Juisi ya rozela au mchemsho wa majani badala ya dawa.* Juisi anywe kama juisi, ni maji mazuri. Haibadilishi seli.
- *Mama mjamzito kufungua vidonge vya haidroksiyurea.* Amwachie mtu mwingine, na huyo anawe mikono.

Chakula hakina siri. Maharage, ndizi, viazi, mboga za majani, yai, parachichi tulilojaliwa huku. Ale anachokula mwenzake mezani.

Hatua ya 6: Nenda shuleni kabla shule haijakuita

Nenda mwenyewe wiki ya kwanza ya muhula, uonane na mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, na matroni kama ni bweni. Usimtume mtoto na karatasi. Mkubwa alipokuwa darasa la tatu nilimtuma, karatasi ikabaki kwenye begi, na mwalimu wa zamu asiyejua kitu akamkimbiza mchakamchaka saa kumi na mbili asubuhi akiwa na sketi na kandambili. Simlaumu sana. Mtoto alionekana mzima.

Barua yangu huwa fupi hivi:

*"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana seli mundu. Naomba: (1) awe na chupa ya maji darasani na aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote, (2) asikimbie mchakamchaka, asichote maji wala kufanya usafi wa kumlowesha asubuhi, kazi nyingine nyepesi apewe kama wenzake, (3) avae sweta, mzula na tait hata kama si sare, (4) adhabu isiwe ya kupiga magoti nje wala ya viboko, (5) akisema anaumwa, aaminiwe, apewe maji ya uvuguvugu na nipigiwe simu. Akiwa na homa, akihema kwa shida, akilegea upande mmoja au akishindwa kuongea, apelekwe hospitali moja kwa moja, mimi nitawakuta huko."*

Kipengele cha pili usikifute ile sehemu ya kazi nyepesi. Mtoto asiyefanya kazi yoyote anachukiwa na darasa zima. Wangu anafuta ubao na kuandika majina ya waliochelewa, cheo anachokifurahia kuliko inavyofaa.

Hatua ya 7: Siku ya maumivu

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Pima joto kwanza, kabla ya dawa yoyote. Paracetamol inaficha homa. Ikiwa 38 au zaidi, nenda Hatua ya 8.
2. Mwingize ndani, mfunike, mpe maji ya uvuguvugu, vikombe viwili taratibu.
3. Mpe paracetamol kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Irudie baada ya saa 6 ikihitajika, isizidi mara 4 kwa saa 24. Andika saa kwenye daftari. Ibuprofen usimpe mpaka kliniki ikuruhusu, na kamwe si kwa mtoto mwenye njaa au aliyekauka. Aspirini asipewe.
4. Weka mpira wa maji moto uliofungwa kanga panapouma. Barafu na kitambaa cha maji baridi, hapana.
5. Muulize maumivu ni mangapi kati ya 10, uandike. Mdogo anaonyesha kwa vidole.
6. Akiwa amelala kitandani, avute pumzi ndefu 10 kila saa akiwa macho. Mdogo tunampa puto apulize. Ni kulinda mapafu, ingawa yeye anadhani ni mchezo.
7. Mpe kitu cha kushughulisha kichwa. Hadithi, katuni, kusukwa nywele.

Kama maumivu hayajapungua baada ya saa chache, au yanapanda, ondokeni. Usisubiri kupambazuke.

Usimchanje chale. Najua wapo wazee wanaosisitiza, na wanampenda mjukuu wao kwa dhati. Jeraha kwa mtoto asiye na kinga ya kutosha ni mlango wa maambukizi. Kumchua taratibu na mafuta ya uvuguvugu kunatosha, na mwachie bibi kazi hiyo, apate la kufanya.

Hatua ya 8: Hapa hatungoji

- Joto la 38 au zaidi, hata kama anacheza.
- Kifua kinauma, anahema haraka, kikohozi kipya.
- Mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki, degedege.
- Amepauka ghafla kwenye viganja na midomo, amechoka kupita kawaida.
- Tumbo limejaa upande wa kushoto. Hiyo ni bandama inayonyonya damu, na kwa wadogo inaweza kuua ndani ya saa chache. Mwombe nesi akufundishe kuipapasa chini ya mbavu za kushoto. Sisi tunampapasa mdogo kila Jumapili asubuhi kitandani, na kila akiwa na homa.
- Macho yamekuwa ya njano kuliko siku zote.
- Anatapika kila anachokunywa.

Ukifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe "mtoto ana seli mundu na ana homa", siyo "mtoto anaumwa". Kisha toa daftari.

Hatua ya 9: Safari

Mbeya mjini iko kwenye mita kama 1,700, Kyela iko chini kandokando ya Ziwa Nyasa. Ukishuka Kyela au Usangu kwa ndugu unaingia kwenye mbu wengi zaidi, na malaria kwa mtoto huyu ni hatari kubwa. Beba chandarua chako, na upite kliniki kabla ya safari uulize dawa ya kinga. Ukipanda Makete au Kitulo, jambo ni baridi na hewa nyepesi: asikimbiekimbie siku ya kwanza.

Kwenye basi usimnyime maji ili asiombe kushuka. Wazazi wengi hufanya hivyo, nami nimefanya. Mweleze kondakta mapema mkiwa bado Uyole, siyo mkishafika mlima Kitonga njiani. Kiti kisiwe cha mlangoni.

Hatua ya 10: Binti anapokua

Hedhi inaweza kuchelewa mwaka mmoja au miwili kuliko ya wenzake. Mwambie hivyo mapema, kabla hajaanza kujiona ana kasoro. Ikianza, angalia daftari: kwa baadhi ya mabinti maumivu ya mifupa huja pamoja na siku zile. Mkubwa ni mmoja wao. Mama yake alitia alama tarehe miezi mitatu, tukaona mpangilio, na kliniki ikatusaidia. Siku mbili kabla anaongeza maji na nguo, na pedi zake ziko tayari ili asioshe vitambaa kwa maji ya baridi usiku. Mimi sehemu hiyo nilimwachia mama na shangazi yake, lakini pedi nanunua mwenyewe. Siyo aibu.

Kumkabidhi dawa kuwe kidogo kidogo. Miaka 10 alikuwa anataja majina ya dawa zake. Miaka 12 anazitoa mwenyewe mimi nikiwepo. Sasa anaandika daftari lake, na kliniki anamjibu daktari yeye, mimi nimefunga mdomo. Hili la kufunga mdomo ndilo gumu.

Ikikwama

*Anakataa dawa.* Uliza kwa nini kabla ya kugomba. Wa kwangu alikuwa anaona aibu kumeza mbele ya wageni. Tulihamishia kopo chumbani kwao, yakaisha.

*Dawa imekosekana.* Usigawanye dozi ili idumu. Piga simu kliniki, na uanze kutafuta zikibaki za siku kumi, siyo mbili.

*Hujui kama anaumwa kweli au anakwepa shule.* Amini. Mara moja moja atakudanganya, utapoteza siku moja ya hesabu. Ukimkatalia siku ya kweli, hatakwambia tena.

*Wengine kazini wanachoka na ruhusa zako.* Omba kliniki tarehe zako zote za miezi sita, mpe bosi karatasi moja.

*Unataka mtoto mwingine.* Wazazi mnaobeba urithi wa seli mundu wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye seli mundu. Kuzaa mgonjwa mara ya kwanza hakumalizi zamu. Wapimeni pia wale wanaoonekana wazima, wajue kabla ya kuoa na kuolewa.

*Yule asiye na ugonjwa ameanza kuumwa tumbo kila Jumatatu.* Kijana wetu alifanya hivyo muhula mzima. Tulimpima kila kitu. Mwishowe akamwambia mama yake kwamba nyumba hii ukitaka baba akae kitandani kwako lazima uwe na homa. Jumamosi sasa ni yake: tunakwenda naye sokoni wawili tu, anachagua parachichi, tunarudi kwa miguu.